Chati ya Karanga Iliyowagawa Watu Vipande

Ni asubuhi, na ndani ya ukumbi wa kanisa mjini Ndhiwa, Eucabeth Nyamoita anasukuma projekta juu ya kreti ya soda hadi mwanga wake uangukie shuka lililotundikwa ukutani. Wakulima wa karanga wanaingia wakisalimiana kwa Dholuo. Hana wasiwasi, au kama anao, ameuacha Migori.

Eucabeth, 31, hana hata mche mmoja wa karanga. Kazi yake ni kugeuza majibu ya watu yawe picha. Akiwa katika chumba alichokodi juu ya duka la mbolea mjini Migori, huchukua majibu yaliyokusanywa kwa simu, huyaingiza kwenye programu ya ripoti, kisha humkabidhi mteja chati.

Mteja wa leo ni ushirika wa wakulima wa Ndhiwa na bonde la Lambwe. Wamekuja kuamua kama watafunga kituo chao cha kununua karanga hapa Ndhiwa.

"Nimekuja kurekebisha kosa langu," anasema huku akitabasamu. "Afadhali nilirekebishe mwenyewe kuliko kituo kifungwe kwa sababu yangu."

Kosa lilianzia kwenye swali moja: Unauza wapi karanga zako? Mkulima aliruhusiwa kuchagua majibu zaidi ya moja, na huku ni nadra mtu kuwa na mnunuzi mmoja. Debe hili huja kituoni, lile huchukuliwa na broka anayepita nyumbani kwa pikipiki, jingine hununuliwa na jirani au hupelekwa soko la Homa Bay.

Eucabeth aliyatenganisha majibu, kila moja likapimwa peke yake dhidi ya wakulima wote walioulizwa. Jumla ikafika asilimia mia mbili na ishirini. Mwenyekiti wa ushirika, Mzee Obare, alipotumiwa chati hiyo alipiga simu papo hapo.

"Nyathina, watu wanawezaje kuzidi mia?" alimuuliza, akimwita mwanangu kwa upole wa mtu asiyetaka kubishana. "Nikipeleka hii kwa mkutano, watasema tumepika."

Eucabeth akamridhisha. Akaibadilisha chati ikawa duara linalogawa majibu yote, jumla ikatulia mia kamili, na kila mtu akafurahi. Ila ndani ya duara hilo, kituo cha Ndhiwa kilibaki na kipande kisichofika theluthi. Kamati ya ushirika ikaona watu wengi hawakitumii, ikapendekeza kifungwe.

"Nilirudia hesabu," anakumbuka. "Duara lilihesabu majibu, kamati ikasoma watu. Ukihesabu watu, saba kati ya kumi wanauza hapa."

Mkutano unapoanza, hawashi projekta kwanza.

"Anayeuza hapa kituoni, inua mkono," anawaambia. Mikono inajaa. "Anayeuzia broka?" Inajaa tena, na mingi ni ileile. "Anayepeleka Homa Bay?"

Helen Akeyo, mkulima kutoka Lambwe, ameinua mara zote tatu, na anasimama kujieleza.

"Hapa nauza. Broka namuuzia nikiwa na haraka ya pesa, kwa sababu kituo kinachelewa kulipa. Homa Bay naenda mara moja moja," anasema. "Lakini broka akisikia hapa pamefungwa, bei atapanga yeye. Mimi nitamwambia nini?"

Mzee Obare anamgeukia Eucabeth.

"Kwa hivyo huyu mama amehesabiwa mara tatu?"

"Majibu yake ni matatu, Mwenyekiti. Yeye ni mmoja."

Sasa anawasha projekta. Chati mpya ina mistari minene, kila mmoja ukipimwa dhidi ya watu wote walioulizwa. Chini ameandika kwamba mtu angeweza kuchagua zaidi ya jibu moja. Mstari wa kituo cha Ndhiwa ndio mrefu kuliko yote.

"Hapo nimeshika," anasema Obare. "Na ni mimi nilisema ile ya kwanza ibadilishwe."

Kura inapigwa na kituo kinabaki. Kamati inakubali pia kujaribu kuwalipa wakulima siku wanapopima karanga, na inamwomba Eucabeth arudi baada ya mavuno yajayo aulize swali lilelile.

Naye ana mipango yake. Anataka kuajiri msaidizi na kuchukua kazi za vyama vingine vya ushirika vya Migori na Homa Bay. "Kazi iko," anasema bila kujivuna. "Na duara sitamchorea mtu tena kwa kumfurahisha."

Anapokunja shuka, Helen anamfuata.

"Wakilipa siku hiyohiyo," anamwambia, "ukirudi nitakupa jibu moja tu."