Bibi wa Kiti cha Mwisho na Furaha ya Kuambukiza

Msinibishie kwanza. Mie ni mwalimu wa hesabu, na haya yalinikuta mchana kweupe, kanisani kwetu Mbagala, nikiwa na akili zangu timamu.

Nilikuwa nasoma shahada ya pili, na utafiti wangu uliwavunja mbavu wenzangu wote wa hosteli kule Mabibo. Nilichukua hesabu zinazotumika kukadiria jinsi kipindupindu kinavyosambaa mtaani, nikazitumia kwa watu wanaopandwa na furaha ya ibada: nani kashikwa, nani bado, nani kamwambukiza nani. Wale wasioshikika nikawaita "waliochanjwa". Sikumwambia mtu kwamba kundi hilo lilikuwa na jina moja tu, langu. Tangu nimzike mama sikuwa nimeimba hata ubeti mmoja, na niliogopa kwamba sitaimba tena maishani.

Kila Jumapili nilirekodi kwa simu, kisha naingiza kwenye kompyuta. Niamini, hesabu zilikubali! Ila kila mara zilionyesha furaha inaanzia pale pale, kiti cha mwisho karibu na dirisha. Nacho kwenye video ni kitupu. Msimamizi wangu, mzee asiyejua kucheka, akaniambia, "Mwalimu, ugonjwa hauanzii kwenye kiti. Niletee mtu, la sivyo utafiti wako umekufa."

Jumapili iliyofuata nikakaa jirani na kile kiti. Padri aliposema tutakiane amani, nikageuka, nikamkuta bibi ameketi, kitenge cha njano, pengo la mbele. Kaingia saa ngapi, na macho yangu yako hapo hapo?

"Shikamoo, bibi," nikajikakamua.

"Marahaba, mjukuu wangu. Haya, nani kakuchanja wewe?"

Akanipa mkono. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Nikaupokea. Ulikuwa wa moto kama chapati inayotoka jikoni. Nikaanza kucheka, nikalia, halafu nikasikia mtu anaimba kushinda kwaya nzima. Kumbe ni mimi! Jamani, nilifurahi, sijui niseme nini zaidi. Nilipofumbua macho, kiti kitupu, na kanisa zima linacheza.

Kwenye video ya siku ile naonekana nimeshika hewa, nacheka peke yangu kama mwehu. Nikampelekea msimamizi. Kabla hajaanza kunigombeza nikampa mkono wa salamu. Mzee wa watu alicheka mpaka miwani ikamdondoka, kisha akampigia mkewe simu, akamwimbia.

Mpaka leo haijaniisha. Naimba jikoni, naimba nikisahihisha mitihani. Misibani naingia mikono nimeibana kwapani, maana kuna matanga kule Mwananyamala niliyavuruga na wafiwa hawajanisamehe.

Kwa hiyo nakuonya mapema. Kama una huzuni yako unaipenda na bado unataka kukaa nayo, tukikutana nisalimie kwa mbali.