Jicho la Kushoto la Kondoo wa Nadhiri

Sweta la sufu likilowa mvua hutoa harufu ya kondoo, na mimi nikiisikia harufu hiyo, hata niwe nimekaa na watu wa heshima zao, hujikunyata. Wajukuu wangu hudhani nasikia baridi. Wao sijawaambia. Ngoja niwaambie ninyi.

Miaka ya sabini tulikuwa tukiishi Nyololo, Mufindi, kando ya barabara kuu, nami nilikuwa na umri wa miaka tisa hivi. Baba alikuwa fundi baiskeli. Waislamu tulikuwa nyumba chache, na msikiti wetu wa matofali mabichi ulikuwa ukivuja upande wa wanawake, sijui kwa nini siku zote upande wa wanawake. Mwaka ule mama aliugua mapafu, akalazwa Iringa wiki sita. Baba akaweka nadhiri: Mungu akimrudisha mkewe nyumbani, Idi Kubwa atachinja kondoo na nyama yote ataigawa, sisi wenyewe tusionje hata mchuzi. Mama akarudi, amekonda, anakohoa, lakini yu hai. Baba akatafuta kondoo dume mweupe, akanikabidhi kamba yake.

"Huyu ni wa mama yako," aliniambia. "Umwangalie."

Kwa akili yangu ya miaka tisa nilielewa hivi: kondoo akitolewa, mama anabaki. Asipotolewa, Mungu atakuja kumchukua mtu wake.

Siku nne kabla ya Idi, yule kondoo alikata kamba akaingia kwenye maharage machanga ya Baba Tumaini, jirani yetu Mlutheri. Nilimwita, nikambembeleza, yeye anatafuna tu huku akinitazama. Nina hasira za karibu, tangu utotoni. Niliokota jiwe nikarusha, nikilenga mgongo, likampata jicho la kushoto. Kesho yake jicho lile lilikuwa limefunikwa na utando mweupe kama wa maziwa yaliyopoa. Nilipitisha kidole mbele yake, hakupepesa.

Madrasa tulikuwa tukikariri kwa sauti, kama tulivyokariri hesabu za kuzidisha shuleni: mnyama wa Idi asiwe kiwete, asiwe mgonjwa, asiwe chongo. Kwa hiyo nisijifanye kwamba sikujua. Nilijua vizuri sana, na sikumwambia mtu.

Nilimfunga karibu na ukuta, jicho bovu likielekea matofalini. Baba akija kumtazama, nami nasimama kushoto kwa kondoo nikijifanya namkuna shingo. Baba akamwambia mama kwamba mtoto huyu habanduki kwa kondoo wake, na sifa ile iliniuma kuliko kiboko. Mama akikohoa jikoni, nahesabu siku zilizobaki.

Kisha nikapata faraja ya kishetani. Baba nilikuwa nimemwona akichinja mara nyingi, maana Nyololo nzima, Wakristo kwa Waislamu, walimwita yeye ili nyama iliwe na wote. Mnyama hulazwa ubavu wa kushoto, akaelekezwa kibla. Jicho bovu lingekuwa chini, udongoni, na hakuna ambaye angeliona.

Mwaka ule Idi iliangukia siku ya kuamkia Krismasi. Mvua ilikuwa ya rasharasha. Baada ya sala mwalimu wetu wa madrasa alihutubia, akasimulia habari za Nabii Ibrahimu na mwanawe. Kisha akasema Mungu hana haja na nyama ya mtu wala damu ya mnyama, kinachomfikia ni moyo wa anayetoa. Kina mama waliokaa karibu nami walitikisa vichwa kwa kuridhika. Mimi nilitokwa jasho pamoja na baridi yote ile ya Mufindi, kwa sababu nilitambua kwamba Mungu anaona hata upande uliolaliwa.

Uani kwetu watu walisimama na masufuria na majani ya mgomba. Baba Tumaini alikuja na salamu yake ya "Kamwene", akasaidia kushika miguu ya nyuma. Kondoo akalazwa. Jicho zima likatazama juu, likanipata. Baba akashika kidevu cha mnyama, akasogeza kisu.

"Baba, ni chongo," nilisema. Sauti ilitoka kidogo, nikarudia. "Ni chongo. Mimi ndiye niliyempiga jiwe. Usimchinje, mama atakufa."

Mzee mmoja nyuma yangu akasema, "Mtoto huyo, fundi. Maliza, mvua inakuja." Baba aliweka kisu chini, akageuza kichwa cha kondoo, akalitazama jicho kwa muda mrefu. Nilisubiri kofi. Nililitamani hata, liishe.

"Siku tatu za kuchinja bado zipo," alisema mwishowe. "Nitatafuta mwingine."

Lakini kondoo gani apatikane siku ile? Kila kondoo wa Nyololo alikuwa na Krismasi yake. Hapo Baba Tumaini, akiwa bado ameshika miguu, akauliza, "Kwani wangu wa kesho ana macho mangapi? Chukua yule, mimi niachie huyu. Krismasi yetu haihesabu macho."

Watu walicheka. Baba hakucheka, alimshika jirani mkono kwa mikono yake miwili. Kondoo mwingine akaletwa, baba akamkagua macho, meno, kwato, ndipo akachinja. Nyama iligawiwa yote, hatukuonja. Kesho yake tulialikwa kwa Baba Tumaini, tukamla yule chongo, aliyechinjwa na baba vilevile. Mama alikula vipande viwili na kuomba mchuzi.

Baba hakunipiga. Aliniambia tu kwamba kondoo ni asante, Mungu hatuuzii mama. Sikumwamini. Nilisikiliza kikohozi cha mama hadi masika yalipoisha, na mama aliishi hadi akawalea wanangu.

Kwa miaka mingi nilijisimulia habari hii kama ushujaa wangu. Nilipokuwa mzazi, nikasimama mbele ya watu na jambo langu likiwa tayari, nikaona ilivyo vigumu kuliacha, ndipo nilipomfikiria baba. Kisu mkononi, nadhiri ya mkewe, uani kumejaa watu, jicho liko chini halionekani. Angeweza kuniambia ninyamaze, na watu wangemsifu. Siku ya Idi tunamkumbuka Ibrahimu aliyekuwa tayari kukata, nasi husahau kwamba alikuwa tayari pia kuambiwa aache. Nilikuwa nimesimama pale nikingoja kofi, kumbe nilikuwa naiona Idi yenyewe.