Mikono Hii Haipakwi Waridi

Kwa miaka mingi Léocadie Bourdin alichora mikono, na mikono tu. Ndivyo kazi ilivyogawanywa kwenye karakana ya Bwana Gaudry pale Paris, walikotengeneza pepeo za mabibi za kujipepea: huyu anachora mawingu, yule maua, mwingine nyuso, na upepeo ukishapita kwa wote unamfikia Léocadie, anatia mikono, basi, kazi imekwisha. Na wala haikuwa mikono ya watu. Ilikuwa vijikono vya waridi, laini, vya wale miungu wa kike wanaobembea bustanini huku kiatu kinaruka hewani, ambao tangu wazaliwe hawajamenya hata kiazi kimoja.

Mtindo ule ulikuwa wa enzi za wafalme. Gaudry mzee, baba yake huyu mwenye karakana, alipenda kuwasimulia wachoraji wake jinsi ulivyokufa. Mapinduzi yalikuja, waliokuwa wakibembea wakakatwa vichwa, na ghafla kila mtu akataka picha za Warumi wenye kofia za chuma, wamekunja nyuso, wanakula viapo. Warumi wakachosha, zikaja dhoruba, meli zinazozama na farasi waliotoa macho. Hizo nazo zikachosha, wakaja wakulima wenye matope magotini, na matajiri wakatukana. Sasa, mwaka huu wa 1883, kulikuwa na kundi lililobeba turubai kwenda kuchora nje juani, mwanga juu ya nyasi, mwanga juu ya maji, na vivuli walivipaka zambarau, na watu walikuwa wakilipa kiingilio ili wakawacheke. Katikati ya vurugu zote hizo pepeo za Gaudry hazikubadilika hata kidogo. Mabibi walitaka waridi, wakapewa waridi.

Léocadie alikuwa na mdogo wake, Zélie, dobi kwenye tishari la kufulia lililofungwa kando ya mto Seine. Walikaa pamoja chumba kimoja juu kabisa ghorofani, kule Batignolles, hawakuolewa wala hawakuwa na haja ya kuulizwa. Jumapili moja Zélie alikaa dirishani akinywa supu ya vitunguu, ameshika bakuli kwa mikono miwili, na jua likaipiga ile mikono. Léocadie akaacha kijiko. Lo! Miaka nenda miaka rudi anachora mikono, na hii iliyomfulia na kumlisha alipougua hajawahi kuichora. Ilikuwa imevimba kwa maji ya moto na magadi, nyekundu hadi juu ya vifundo, vidole vimeingia zambarau kwenye viungo, kucha zimelika, ngozi imepasuka. Akatoa rangi zake. Zélie akacheka, akadhani dada yake anatania.

Hakuwa akitania. Kila Jumapili alimkalisha pale pale, na kile kivuli cha zambarau wanachochekwa nacho watu wa nje juani akakitumia bila aibu, kwa kuwa alikiona kwa macho yake kwenye vidole vya mdogo wake. Picha ilipokwisha ilikuwa na dirisha, uso wa dobi aliyechoka, bakuli, na mbele ya yote mikono. Hukuweza kuikwepa. Akaipeleka kwa waamuzi wa Maonyesho Makuu ya mwaka.

Wala usimwone punguani. Paris ile, mchoraji ambaye picha yake haijatundikwa kwenye Maonyesho Makuu si mchoraji, ni fundi wa kupamba vitu vya watu. Léocadie alikuwa amevuka miaka arobaini. Alitaka mara moja, mara moja tu, jina lake liwekwe chini ya kitu alichokichora mwenyewe toka pembe hadi pembe.

Jibu lililetwa na Gaudry mwenyewe, anatabasamu. Mmoja wa waamuzi, Bwana Descombes, alikuwa rafiki yake wa mezani, na mambo yamewekwa sawa: picha imekubaliwa, itatundikwa, ila kwa sharti. Siku moja kabla maonyesho hayajafunguliwa huwa ni siku ya vanishi, siku ambayo wachoraji wote huingia na ngazi na brashi kuzing'arisha picha zao ukutani. Na kila mtu anajua kwamba siku hiyo mchoraji anaruhusiwa kurekebisha kidogo hapa na pale.

"Bi Léocadie," Gaudry akasema, "dirisha safi, uso safi. Mikono ndiyo inatia kichefuchefu. Na wewe bingwa wa mikono Paris nzima! Panda ngazi siku ya vanishi, itie waridi, kwisha kazi."

Akaongeza, kwa upole ule ule, kwamba mabibi wanaonunua pepeo watakuwepo, na asingependa wamwone mchoraji wake akining'iniza mambo kama yale.

Léocadie alirudi nyumbani anafoka. Alimweleza Zélie yote, akingoja naye apandwe na hasira wafoke wawili. Zélie alimaliza kwanza kukunja shuka, pembe kwa pembe.

"Sasa dada, ubaya uko wapi?" akasema mwishowe. "Watu wakicheka, wewe watacheka brashi yako. Mimi watacheka mwili wangu. Mara moja Paris inione na mikono kama ya wenzangu, nitakufa?"

Neno hilo lilimchoma Léocadie kuliko maneno yote ya Gaudry. Wiki nzima alibishana naye moyoni, na kila akibishana alishindwa, maana mikono ilikuwa ya Zélie, si yake. Mwisho akapiga moyo konde. Siku ya vanishi akatia kichupa cha waridi kwenye kikapu pamoja na rangi zake nyingine, akaondoka na mdogo wake amevaa gauni lake la Jumapili, kwa sababu Zélie alitaka kujiona ukutani kabla watu hawajajaa.

Ukumbi ulinuka vanishi mpaka macho yalitoka machozi. Ngazi kila mahali, wanaume wa kofia ndefu wanapigana makofi ya mgongoni, kila mmoja anamvika mwenzake kilemba cha ukoka. Picha yao ilikuwa imetundikwa juu ya mlango. Léocadie akapanda. Zélie akashika ngazi kwa chini, na hakuna bwana hata mmoja aliyemsalimu. Walimkwepa tu, kama wanavyokwepa nguzo.

Kidole cha kwanza kikageuka waridi. Kilipendeza, nisikufiche. Mkono wa Léocadie ulikuwa umefanya kazi ile maisha yake yote, ungeweza kuifanya akiwa amelala. Zélie akatazama juu akatabasamu, na dada yake alipoliona tabasamu lile machozi yakamlenga, akasema moyoni basi, potelea mbali, na iwe hivyo. Akachovya tena.

Hapo ndipo Bwana Descombes alipofika na Gaudry na wenzao wengine, kola nyeupe pe, imetiwa wanga mpaka imesimama. Ilijifua yenyewe, eti. Akaangalia juu akaridhika. Akawaeleza wenzake jinsi picha ilivyokuwa kabla hajaiokoa. Ile haikuwa mikono, akasema, ilikuwa nyama ya buchani. Mwanamke mwenye mikono kama ile yeye angemwambia apite mlango wa nyuma na asimguse mtoto. Wakacheka sana. Gaudry naye akacheka.

Ngazi ikatikisika. Léocadie akatazama chini. Zélie alikuwa amepauka, ameing'ang'ania ngazi kwa mikono yote miwili.

"Dada," akasema. "Futa hiyo waridi."

"Si ulisema mwenyewe..."

"Nilisema. Sasa nasema futa. Halafu weka nyekundu, na usinibanie."

Bwana Descombes akamgeukia Gaudry kumuuliza huyu mwanamke ni nani.

"Ni mimi, bwana," Zélie akamjibu yeye mwenyewe. "Nyama ya buchani."

Léocadie alikifuta kidole kile kwa mkono wa gauni lake. Akaacha kile kichupa, akachukua nyekundu, akaipaka nzito, akaipasua ngozi kwa ncha ya brashi, akaingiza zambarau kwenye kila kiungo, na kwa mara ya kwanza tangu ashike brashi hakumwogopa mtu. Gaudry alimwambia akishuka ngazi ile bila waridi, karakanani asirudi tena.

"Vijikono vyako vitafutie mchoraji mwingine," Léocadie akasema bila kugeuka. "Maji nimeyavulia nguo, nitayaoga."

Picha iliteremshwa mara ile ile. Wafanyakazi wa ukumbi walitaka kuigeuza na kuifunga kitambaa, maana ndivyo zinavyotolewa picha zilizokataliwa, uso ndani, ili mwenyewe asione haya. Lakini rangi ilikuwa mbichi, na kitambaa kingeiharibu. Basi kina dada wakaibeba wenyewe, huyu mwisho huu, yule mwisho ule, uso nje.

Watu barabarani waligeuka. Mwenye gari la farasi akapunguza mwendo atazame vizuri, akacheka, na wengine wakacheka kwa sababu yeye amecheka. Jasho lilimtoka Léocadie. Sasa alikuwa hana kazi, hana maonyesho, na mdogo wake anachekwa mbele ya Paris nzima, jambo lile lile aliloliogopa. Walipofika kwenye kona akamwambia wakate uchochoroni, kule watu ni wachache.

Zélie akasema hapana. Akakaza mikono kwenye fremu, akageuza upande wake kuelekea barabara kubwa, na dada yake ikambidi amfuate.