Bibi Arusi wa Ziwani

Miaka michache kabla Wajerumani na Waingereza hawajaanza kupigana, ndugu mmoja wa mume wangu alifika kwetu Karagwe kutoka kwao pwani akiwa na taa ya picha. Lilikuwa sanduku la bati lenye jicho la kioo. Ukipitisha vioo vilivyochorwa mbele ya mwanga wake, watu wanatokea kwenye kitambaa, wakubwa kama sisi. Mume wangu alikuwa na duka la nguo na chumvi. Tuliziba madirisha ya ghala, tukatundika kitambaa cha marekani nyeupe, na mchana majirani wakajaa. Wengine walitembea toka Kibingo.

Hadithi ilikuwa ya mwindaji maskini aliyemkuta msichana akitoka ziwani, nywele zimemfika magotini. Msichana alikubali kuolewa, ila asiulizwe kwao ni wapi. Mwindaji akauliza, naye akarudi majini.

Mgeni wetu alikuwa amekauka sauti kwa kikohozi, kwa hiyo mume wangu ndiye aliyesimulia, kwa Kiswahili. Mimi, Mnyambo, nikawa nayageuza maneno yake kwa Kinyambo ili majirani waelewe.

Mume wangu hakuwa msemaji. Hata chakula kikimpendeza, alinawa mikono na kunyamaza. Lakini msichana yule alipotokea, aliusogelea mwanga na kusema kwa niaba ya mwindaji, polepole, "Nilikuwa na nyumba, lakini sikuwa na mahali pa kurudi. Sasa ninapo. Ukicheka, nasahau nilichotaka kusema."

Miaka saba nimelala naye nyumba moja, na maneno hayo anampa mwanamke wa rangi na kioo. Watu walikuwa wananisubiri.

"Anasema," nikageuza, "huyu ana nywele nyingi, lakini hajui kumenya ndizi."

Wanawake wakacheka. Mume wangu alishangaa kidogo, akaendelea.

Siku ya pili watu walikuja wengi zaidi, nami nikazidisha. Nikasema bibi arusi anawakimbia senene, panzi tunaowala, ananuka kambare, na amerudi ziwani kwa sababu mwindaji alimwambia akalime. Shangazi yangu alicheka mpaka akakaa chini. Nilifurahi, lakini furaha yenyewe ilikuwa inaniuma.

Walipoondoka, tukawa tunakunja ile marekani, yeye ameshika ncha moja na mimi nyingine.

"Kinyambo cha dukani nakisikia," alisema. "Kwa nini unamharibu mwanamke wa watu?"

"Kwa sababu wewe unampenda."

"Nani? Picha?"

"Maneno unayompa, mimi hujawahi kunipa."

Alisimama na kitambaa mkononi. "Nilikupa. Mwezi ule wa kwanza, tulipokuwa tunapanda migomba nyuma ya nyumba. Ni hayo hayo, sikuongeza hata moja."

"Mbona sikumbuki?"

"Ulikuwa hujajua Kiswahili. Uliitikia 'ndiyo', ukaniletea maji ya kunywa."

Nilikumbuka migomba. Nilikumbuka hata kibuyu cha maji, na jinsi alivyokinywa chote bila kuniangalia. Nilidhani alikuwa ananiambia ana kiu.

"Sasa niambie tena," nikasema.

Aliona haya. Alisema mgeni anasubiri chai, akatoka. Hapo ndipo wivu uliponishika vibaya zaidi, maana sasa nilimwonea msichana aliyekuwa mimi, aliyesimama kwenye udongo mbichi akipewa kila kitu, naye akaitikia tu.

Siku ya tatu ilikuwa ya mwisho. Mgeni alikuwa anaelekea Bugomora. Mume wangu alipofika pale msichana anapotokea, hakuangalia kitambaa. Alisema maneno yale ameinamisha macho, nami nikayageuza moja baada ya jingine, bila kupunguza. Sauti yangu ilitetemeka. Hakuna aliyecheka. Shangazi, aliyekaa karibu nami, alinigusa goti na kuniuliza kwa kunong'ona kama ninaumwa.

"Hapana," nilimjibu. "Nasikiliza."