Majibu ya Wasomaji wa Daudi

Kornelia Akonaay alikuwa fundi cherehani wa kijiji cha Daudi, na kila siku ya mnada alishuka Mbulu mjini kununua uzi na zipu. Akishamaliza aliingia kwa Raya, binti wa wenye duka la vitambaa, aliyekuwa amefungua chumba cha intaneti. Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga, na kompyuta zilikuwa chache. Hapo ndipo Kornelia alipoandikia blogu yake: mvua imefika au bado, vitunguu swaumu vya nani vimeoza shambani, kwaya imepata mwalimu mpya, nani amejifungua, nani tumemzika.

Aliwaandikia watu wa Daudi waliotawanyika, wachimbaji wa Mererani, wauguzi, madereva wa malori. Wengi hawakuwa na muda wa kufungua blogu kila mara kuangalia kama kuna jipya. Kwa hiyo Raya aliweka kisanduku: msomaji anaandika anwani yake mara moja tu, na kila makala mpya inamfuata yenyewe kwenye barua pepe.

Baada ya hapo ukurasa ukapooza. Maoni yakakoma, kihesabu cha wageni kikasimama. Kornelia alivumilia msimu mzima wa mvua, kisha akachoka.

"Raya, mimi naongea peke yangu," alisema, na akaacha kuandika.

Kiangazi, mwanaume mmoja alisimama mlangoni pa banda lake. Alikuwa Joakimu, mtoto wa marehemu mzee Qamara, ambaye hakuwa ameonekana Daudi tangu aende Mererani.

"Shikamoo, dada Kornelia."

"Marahaba. Kwema huko?"

"Kwema. Nimekuja kuezeka nyumba ya mama. Wewe ndiye uliyeandika kwamba upepo umeng'oa bati, analala jikoni. Mwenyewe kwenye simu alikuwa ananiambia mzima tu, hana shida. Nashukuru sana, dada. Lakini mbona umeacha? Nimekuuliza kwenye barua pepe, hujibu."

"Sijapata barua yako hata moja."

"Lakini mimi kila makala ikiingia nakujibu palepale!"

Mnada uliofuata walishuka wote wawili. Raya alimsikiliza Joakimu, akafungua mipangilio, akashika kichwa.

"Mama, kwenye kile kisanduku tuliweka anwani yako ya kwanza kama mtumaji, ile uliyoacha kuitumia. Majibu yote yanakwenda huko. Na kwa kuwa watu wanapata makala nzima kwenye barua pepe, hawana sababu ya kuja tena kwenye ukurasa."

Neno la siri lilikuwa jina la ng'ombe wao wa maziwa, kwa hiyo halikuwa limemtoka Kornelia akilini. Sanduku la barua likafunguka, limejaa. Natalia, muuguzi wa Tunduma, aliwasomea wenzake makala wodini. Emanuel alishukuru kwamba alijua siku ya maziko ya shangazi yake, akafunga duka akasali. Mwingine alifurahia habari za kwaya: "Afadhali mmepata mwingine. Yule wa zamani alinichapa sana."

Kornelia alicheka huku anajifuta machozi kwa ncha ya kitenge.

"Kumbe walikuwepo," alisema. "Muda wote huo walikuwepo. Mungu awabariki."

Joakimu akaaga, akaenda kutafuta misumari ya bati. Kornelia akavuta kiti karibu na meza, akaanza kumjibu Natalia.