Siku Niliyomwita Mwadhini Mlevi Mbele ya Koboko Nzima

Jamani, kuna akina mama wa mji wa Koboko ambao mpaka leo wakiniona huvuta mtandio mdomoni kuficha kicheko, na siwalaumu, maana aibu ile niliipika mwenyewe, tena nikiwa na furaha ya kupaa.

Mimi ni Driciru, nafanya kazi maabara moja hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, na ninachokipenda ni chachu, vile vifangasi vidogo visivyoonekana kwa macho, vingine vinaumua mkate na vingine vinaingia mwilini mwa watu na kuwatesa. Kinachonisisimua ni ukoo wao: nani ndugu ya nani, nani alitengana na nani zamani za kale. (Mama yangu huuliza kama ndugu zangu wenye miguu hawanitoshi.)

Basi, Mzee Ramadhani, mwadhini wa msikiti mmoja Koboko, alishikwa na utando mweupe kooni, hamezi, sauti imekauka, na dawa ya kawaida imegonga mwamba. Mkubwa wangu, Daktari Anguyo, akamfuta koo kwa kijiti cha pamba, akaniletea nioteshe kilichomo.

Asubuhi ya kuotesha nilikuwa nyumbani Manibe nakanda mandazi ya kikundi cha kanisa, nimevaa gauni jipya, na ili lisichafuke nikatupia juu yake koti langu la maabara nililokuwa nimelileta kulifua (ndiyo, nililifanya aproni, chekeni tu). Bodaboda ikapiga honi, nimechelewa, nikasema moyoni, unga kidogo, nani ataona? Nikaondoka nalo hivyohivyo mpaka kazini.

Siku chache baadaye kile kisahani nilichooteshea kikaota: mabonge meupe, manene, yananawiri, na pembeni vitone vidogo vidogo ambavyo hata sikuvipa heshima. Nikachukua bonge moja, nikalituma Kampala lisomwe vinasaba, na majibu yaliporudi kompyuta ikachora mti wa ukoo. Nikaruka kutoka kwenye kiti! Chachu ya mzee haikukaa na kandida wa kawaida, yule anayewapa watoto utando mdomoni. Ilikaa tawi moja na hamira, ile ya mkate, ambayo ndiyo hiyohiyo inayochachusha pombe!

"Rudia kwanza, Driciru," Daktari Anguyo akaniambia.

"Daktari, hii iko moto! Kesho kutwa kuna mkutano wa afya Koboko, niache niwaambie watu!"

Ukumbi ulijaa wauguzi, wazee wa mji, akina mama, na Mzee Ramadhani mwenyewe mstari wa mbele na mkewe, Hajati Zaituni, kwa sababu mimi ndiye niliyewaalika (nilitaka wafurahi na mimi, fikirieni akili hiyo). Nikawasha projekta, nikaanza na picha yangu nikiwa kazini, kisha nikaonyesha mti wangu, nikaeleza matawi huku narukaruka kama ndama, na utamu ulipozidi nikasema, "Kwa hiyo mwadhini wetu hapa, chachu iliyo kooni mwake ni ya pombe. Inaonekana anapitiapitia kwete, ile pombe yetu ya mahindi!"

Minong'ono ikaanza, kisha shingo zote zikageuka. Mzee alifungua mdomo ajitetee na sauti haikutoka, na hilo ndilo linaloniuma hata leo, kwamba nilimshtaki mtu asiyeweza kujibu.

Hajati akasimama. "Nani iko nakunywa pombe? Mzee yangu hapana kunywa! Tangu mimi naolewa, hata harufu yake hapana iko kwa nyumba!"

"Hajati, sayansi imeonyesha..."

"Sayansi gani? Rudisha ile picha ya kwanza!"

Nikairudisha. Ilikuwa picha yangu mwenyewe, nimeshika kijiti na kisahani asubuhi ile ya kuotesha, natabasamu. Hajati akasogea mpaka ukutani, akaweka kidole kwenye mkono wa koti langu. "Na hii nyeupe iliyokauka hapa iko nini? Mimi napika mandazi miaka yote, hii ni donge ya unga! Wewe siku hiyo ulikanda?"

"Nilikanda," nikasema. "Basi hamira ile ilidondoka kutoka kwenye koti langu, si kooni mwa mzee."

Ukumbi ukalipuka. Muuguzi mmoja alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Mimi nilipiga magoti mbele ya Mzee Ramadhani, nikamwomba msamaha watu wote wasikie, na yeye akanishika kichwa, akatikisa mabega. Alikuwa anacheka bila sauti.

Mimi na Daktari Anguyo tulirudi Arua na sampuli mpya ya koo la mzee. Safari hii nilivipima vile vitone vidogo, vilivyoota tena, na jamani, nilipiga kelele upya! Ni chachu mmoja aitwaye glabrata, ambaye watu walimwita kandida miaka mingi, kumbe kwa damu yuko karibu na hamira kuliko na yule kandida wa kawaida, na dawa ile ya kwanza mara nyingi haimtishi. Daktari akabadilisha dawa, na wiki hazikupita nyingi, mzee akawa anameza uji, halafu chakula kigumu.

Lakini safari hii sikumwambia mtu ukumbini. Nilikwenda nyumbani kwake, nikavua viatu, nikakaa mkekani, nikamwambia yeye na mkewe kwa sauti ya chini. Nimeapa itakuwa hivyo daima: hata nikiwa na furaha namna gani, nitapima mara ya pili, na ugonjwa wa mtu atausikia kwanza mwenyewe.