Siku Bibi Alipomchezea Diwani Kioda

Wakati wa kampeni zilizopita nilikwenda Mshangano kuangalia kiwanja chetu cha zamani. Gari la chama likapita na spika juu, linapiga kioda, ngoma ya akina mama wa kwetu Nyasa. Nikasimama palepale barabarani. Mwili ulinisisimka, ndugu yangu, halafu nikashikwa na hasira.

Nilipokuwa mtoto, hapo tulikuwa nyumba tisa tu za Wanyasa katikati ya Wangoni, waliotutania kutwa kwa ugali wetu wa muhogo. Asubuhi tuliamshwa na michi, na ua mzima ulinuka muhogo uliolowekwa na dagaa wa ziwani. Hata hivyo tulipendana na Wangoni hao. Shida yetu ilikuwa kijito kilichotutenga na shule. Masika kikijaa, sisi watoto tulikaa nyumbani hata wiki mbili, na Bibi aliyenilea alikuwa akishinda mlangoni anayatazama yale maji.

Uchaguzi ulipokaribia, vyama vikaona kura za kata zinakabana, na ghafla nyumba tisa zikawa na thamani. Chama cha kwanza kilileta kanga na mchele. Bibi akavipokea, akashukuru, basi. Cha pili kilikuja na akili zaidi. Mgombea wao wa udiwani alivua viatu, akaketi mkekani, akamwamkia Bibi kwa Kinyasa kilichonyooka, akamega ugali wa muhogo mpaka akaomba aongezewe. Akaahidi kutujengea kivuko juu ya kile kijito kabla ya masika. Kwisha kazi.

Kwa Bibi, kioda hakikuchezwa ovyo. Unayemchezea ni wa ukoo, au anaingia ukoo siku hiyo, na mtu wa ukoo hamwongopei mama yake. Akawakusanya akina mama, wakafua nguo zao nyeupe, na sisi wasichana tukafanya nao mazoezi jioni tatu. Jirani yetu Mngoni, shoga wa Bibi wa kuombana chumvi, akamwita pembeni.

"Dada, hawa wanaitaka ngoma yenu. Nyie wenyewe hawana haja nanyi."

Bibi akamwambia ana wivu. Tangu siku hiyo hawakusemezana. Siku ya mkutano wa mgombea tukamchezea kioda, kwa wimbo wa kumsifu yeye.

Yule bwana alishinda. Nyumba zote tisa zilimpa kura, kwa neno la Bibi. Masika yakaja, kijito kikajaa. Bibi alikwenda ofisi ya kata mara mbili, akaambiwa mheshimiwa amesafiri. Mara ya tatu nilimsindikiza, tukamkuta diwani anatoka. Bibi akamsemesha kwa Kinyasa, anacheka, kama mama aliyemwona mwanawe.

"Shikamoo, bibi. Una shida gani?" akauliza kwa Kiswahili, macho kwenye saa.

"Marahaba," Bibi alisema, akageuka. Kivuko hakukitaja kabisa. Sijapata kuona aibu kama ile.

Hakucheza tena, na akina mama hawakumwomba. Familia moja moja zikahamia Mfaranyaki kufuata shule, na sisi pia. Jirani yule alifariki kabla Bibi hajajikaza kwenda kumwomba radhi, na hilo lilimla moyo kuliko kivuko.

Mwaka jana mdogo wangu aliolewa. Wakwe wakaniomba niimbe wimbo mmoja wa kioda. Nyimbo za harusi, nyimbo za matanga, zote Bibi alikwenda nazo kaburini; sikuwahi kumuuliza, najuta. Ninaoujua mpaka mwisho ni mmoja tu, ule wa kumsifu diwani. Nikauimba. Wakwe wakapiga vigelegele.